Umri wa Kuanza Shule na Mlango wa Kutokea

Wako wazee wengi katika milima ya Uluguru, kama walivyo wengi katika Tanzania nzima, wasioijua tarehe waliyozaliwa lakini wanaikumbuka vyema siku waliyopimwa kuingia shule. Kipimo kilikuwa mkono. Mtoto alisimamishwa mbele ya mwalimu, akaamriwa auinue mkono wa kulia, aupitishe juu ya utosi, alishike sikio la kushoto. Aliyelifikia aliandikwa, asiyelifikia alirudishwa nyumbani akafukuze ngedere shambani hata mwaka mwingine. Wasomi wa siku hizi hukicheka kipimo hicho na kukihesabu katika mambo ya ujinga yaliyopita. Kicheko chao hakina haki. Mkono wa mtoto mdogo ni mfupi ukilinganishwa na kichwa chake, nao hurefuka kiasi cha kulifikia sikio la pili yapata miaka 6 au 7, wakati uleule meno ya utoto yanapoanza kung'oka. Mwalimu yule hakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kutazama, basi akautazama mwili wa mtoto. Kosa la kipimo chake lilikuwa jingine, nalo ni zito: mtoto aliyedumaa kwa lishe haba alikuwa na mkono mfupi kuliko miaka yake, akarudishwa mara mbili, mara tatu, na aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya shule akawa wa mwisho kuipata.

Leo mkono umeachwa, na tarakimu imeshika mahali pake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023 lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025, inamtaka mtoto aingie darasa la kwanza akiwa na miaka 6 badala ya 7, asome elimu ya msingi kwa miaka 6 badala ya 7, kisha aendelee kwa lazima miaka 4 ya sekondari. Wengi wameipokea habari hii kwa shangwe, wakidhani kuwa kuanza mapema na kujifunza vizuri ni jambo moja. Shangwe hiyo imetangulia swali. Tangu uhuru, kila mara umri wa kuanza shule ulipopangwa katika nchi hii, ulipangwa kwa kuutazama mlango wa kutokea: mtoto atoke shuleni akiwa na miaka mingapi, afanye kazi gani, aigharimu serikali kiasi gani. Mlango wa kuingilia, yaani darasa la kwanza lenyewe, mwalimu wake, lugha yake, idadi ya watoto waliomo na umbali wa njia ya kulifikia, ulitazamwa kwa jicho la pembeni. Ilhali ni pale mlangoni pa kuingilia ambapo mtoto hushika kusoma au hukosa.

Ushahidi wa kwanza ni waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967. Katika waraka ule Mwalimu alieleza kuwa mtoto anayeingia shule akiwa na miaka 5 au 6 hutoka akiwa mdogo mno, hajawa mtu wa kufaa katika kilimo wala katika shughuli za kijiji; akapendekeza umri wa kuingia upandishwe. Apewe haki yake: alitaja pia kwamba mtoto aliyekua kidogo hujifunza upesi zaidi awapo shuleni. Lakini sababu hii ya pili, ambayo ndiyo ya elimu hasa, ilipita kama abiria asiye na nauli, hapana aliyeishughulikia. Iliyotiwa maanani ni ya kwanza. Miaka 7 ya kuingia na 7 ya masomo ilifanya 14, na mtu wa miaka 14 aliweza kushika jembe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likahimiza elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikaamuru kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na asiyefikia 13 aandikishwe shule na kuhudhuria.

Amri ni kitu kimoja, na chumba cha darasa ni kingine. Miaka ya 1980 na ya 1990 watoto wengi waliingia darasa la kwanza wakiwa na miaka 9, hata 10, kwa sababu ya ada, ya uhaba wa vyumba, ya kazi za nyumbani. Ndipo Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa, ulipolazimika kuwaandikisha kwa pamoja wa miaka 7 hadi 10, na kuwapeleka wa miaka 11 hadi 13 katika mpango mwingine wa watoto walioikosa elimu, maarufu kwa jina la MEMKWA. Sera ya mwaka 1995 ilikuwa imeweka miaka 2 ya elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6. Ile ya 2014 ilipotoka mara ya kwanza ikasema awali iwe mwaka 1, na darasa la kwanza liwe la watoto wenye miaka 4 hadi 6 kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Sasa imekuwa 6 kwa wote. Hesabu ya safari hii ni 6 na 6 na 4, jumla 16, ili kijana atoke na cheti cha sekondari na, kwa wale wa mkondo wa amali, na ufundi mkononi. Ni lengo jema, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipinga. Lakini msomaji na atazame hesabu hizi mbili, ya 1967 na ya sasa: ya kwanza ilimpandisha mtoto umri na ya pili imemshusha, na zote mbili zimeanzia mwishoni na kurudi kinyumenyume.

Tanzania si ya kwanza kufanya hivyo, wala haikulitunga kosa hili yenyewe. Uingereza, ambayo mazoea yake ya shule yameenea duniani pamoja na bendera yake, ilichagua miaka 5 kwa sheria ya 1870 na kuifanya ya lazima kwa wote mwaka 1880. Walioutetea umri huo hawakuwa wamechunguza namna mtoto anavyojifunza. Walitaka atolewe katika vichochoro na nyumba duni za miji ya viwanda, na wenye viwanda walitaka anayeanza mapema amalize mapema, aende kazini. Huo ndio msingi wa imani, iliyoenea leo hata Morogoro mjini, kwamba mtoto wa miaka 5 asiyejua kusoma amekwisha kuchelewa.

Hapa lugha ina la kusema, nayo huulizwa mara chache. Kiingereza ni lugha ngumu kuliko nyingi kuisoma, kwa kuwa maandishi yake yaliachana na matamshi zamani. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzake walilinganisha watoto wa lugha nyingi za Ulaya wanaoanza kusoma, wakaona kuwa wanaosoma kwa Kiingereza huchukua zaidi ya maradufu ya muda wa wenzao kuupata msingi wa kusoma. Wafini, ambao herufi zao hufuata sauti kwa uaminifu mkubwa, humwingiza mtoto darasa la kwanza akiwa na miaka 7, naye husoma kabla mwaka haujaisha. Kiswahili kimekaa upande wa Kifini katika jambo hili. Irabu zake 5 hazibadiliki. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Anayejua ba, be, bi, bo, bu amekwisha kushika ufunguo wa nyumba nzima. Mtoto wa miaka 7 aliyezoea kusikiliza hadithi na kutega vitendawili, akipata mwalimu mwenye kuijua kazi yake na kitabu cha kushika mkononi, husoma sentensi fupi katika muda wa miezi. Yamkini Mwingereza ana sababu ya kuharakisha, maana ana njia ndefu ya kwenda. Mswahili hana. Kuiga haraka ya mtu ambaye safari yake si yako ni kujichosha bure.

Jambo hili si la kubuni. Huko New Zealand watafiti waliwafuata watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wengine walioanza wakiwa na miaka 7. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa walipofikia miaka 11 hivi hapakuwa na tofauti katika wepesi wa kusoma, na wale waliochelewa walielewa walichosoma vizuri zaidi kidogo. Miaka 2 ya kuhangaika na herufi haikuwaongezea wa kwanza chochote kilichodumu.

Tena kuna suala la mdogo miongoni mwa wakubwa. Darasa lolote linaloandikishwa mara moja kwa mwaka huwa na mtoto aliyezaliwa Januari na mwingine aliyezaliwa Desemba, na kati yao upo karibu mwaka mzima. Kwa mtu wa miaka 40 mwaka ni kitu kidogo. Kwa wa miaka 6 ni sehemu ya sita ya maisha yake yote, na sehemu kubwa zaidi ya yale anayoyakumbuka. Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey, walipolinganisha mwaka 2006 matokeo ya watoto wa nchi nyingi zilizoendelea, waliona kuwa walio wadogo kabisa darasani huwa nyuma ya walio wakubwa kabisa kwa ngazi 4 hadi 12 katika safu ya wanafunzi 100 wafikapo darasa la nne, na kwa ngazi 2 hadi 9 wafikapo la nane. Pengo hupungua, haliishi. Hizo ni nchi zenye walimu wa kutosha. Katika Tanzania, ambapo asiyefaulu upimaji wa darasa la nne hukariri darasa, mtoto wa Desemba hupewa jina la mzito, na jina hushika kuliko somo.

Haifai, hata hivyo, kuuficha ushahidi wa upande wa pili. Sandra Black na wenzake, waliochunguza takwimu za Norway, waliandika mwaka 2011 kuwa ukitenga umri wa kufanya mtihani na umri wa kuanza shule, faida ya kuchelewa huyeyuka. Hata waliona ubora kidogo wa akili kwa walioanza mapema walipopimwa wakiwa na miaka 18, na katika kipato hapakuwa na tofauti walipofika miaka 30 hivi. Maana yake ni kwamba mwaka mmoja, wenyewe peke yake, si dawa wala sumu. Kinachomfanya mtoto apate au akose ni kile anachokikuta ndani. Norway iliweza kumwingiza mtoto wa miaka 6 kwa kuwa darasa lililomngoja lilikuwa la mtoto wa miaka 6. Swali la Morogoro ni: je, lililoko ni la nani?

Kwa kulijibu, hapana mahali pa kufaa kama Mazimbu. Mahali hapa palikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa African National Congress, kwa sababu baada ya ghasia za Soweto za Juni 1976 vijana wengi wa Afrika Kusini walikuwa wamekimbia kwao, wengine wakiwa hawajamaliza shule, wengine wakiwa wamesoma katika shule zilizokusudiwa kuwafanya watumwa. Masomo yalianza 1978, na shule ikaitwa Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Kwa muda wa miaka michache kiwanja kimoja kilikuwa na malezi ya watoto wachanga, shule ya awali, shule ya msingi na ya sekondari. Kijana mwenye ndevu alisoma somo ambalo kwa miaka yake angalikuwa amelimaliza zamani, na hatua chache kutoka hapo mtoto wa miaka 4 alicheza na mchanga kwa saa zote za asubuhi, wala hakuna aliyeona kuwa anapoteza wakati. Waliofika bila msingi wa kutosha walipitia Dakawa kwanza, katika kituo kilichojengwa kwa ajili ya kuwaandaa. Swali la shule ile lilikuwa: huyu amefika wapi, na aanzie wapi? Miaka yake ilikuwa habari ya ziada. Ni kweli kwamba ilikuwa na wafadhili wengi na wanafunzi wachache, na haiwezi kufananishwa na shule ya kijiji. Lakini iliutazama mlango wa kuingilia.

Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, nayo yakawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yenye jina lilelile la Mahlangu. Chuo kinafundisha pale, pamoja na mengine, walimu wa sayansi na hisabati, na kazi hiyo inaifaa nchi sana. Lakini walimu hao ni wa sekondari. Atakayempokea mtoto wa miaka 6, ajue kumshikisha kalamu, ajue kutofautisha ukimya wa woga na ukimya wa kutoelewa, hafundwi chuo kikuu. Na aghalabu anayepewa darasa la kwanza katika shule ya kawaida ni yule aliyekuja mwisho au aliyekosa wa kumtetea. Heshima katika elimu ya nchi hii hupanda kadiri mwanafunzi anavyorefuka. Mhadhiri wa watu wazima 20 huitwa daktari. Mwalimu wa watoto 100 wa darasa la kwanza huitwa mwalimu wa watoto, na husemwa hivyo kwa sauti ya kumhurumia.

Na wasomi wenyewe wanafanya nini kwa watoto wao? Mwenye kutaka kujua na asimame kando ya njia ya Mazimbu au ya Kihonda saa 11 alfajiri, kabla ya jua. Ataona mabasi ya njano yakipita nyumba kwa nyumba, na watoto wa miaka 3 na 4 wakipandishwa wamelala, mabegi makubwa kuliko migongo. Wanakwenda chekechea za kulipia, wakakaririshwe majina ya rangi na wanyama kwa Kiingereza, lugha ambayo hawajaisikia kwa mama wala kwa jirani, ili wafaulu usaili wa kuingia darasa la kwanza. Usaili wa mtoto wa miaka 5! Wazazi wengine waliona hata hilo ni polepole, wakawapeleka bweni. Ikabidi serikali, kwa waraka wa mwaka 2023, ipige marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Yapasa kukumbukwa kwamba marufuku ile haikuletwa na wakulima wa milimani, maana wao hawakuwa na fedha za kumpeleka mtoto wa miaka 5 bweni. Ililetwa na tabaka la watu waliosoma, ambao ndio leo wanaoshangilia umri wa miaka 6.

Hoja yao iliyo kubwa nayo yataka kujibiwa, kwa kuwa ina uzito. Husema: mtoto wa mwenye nacho ataanza mapema, sheria itake isitake, kumchelewesha wa maskini hata miaka 7 ni kulipanua pengo. Tena Kenya na Uganda huanza miaka 6, basi kwa nini Mtanzania abaki nyuma? La Kenya na Uganda si hoja, ni wivu wa jirani. La pengo ni hoja, lakini limekosea chanzo chake. Mtoto wa chekechea ya kulipia, pamoja na mateso yake ya alfajiri, huketi na wenzake 20 au 30, hupewa uji na chakula cha mchana, ana kitabu chake, na jioni hurudi kwa mzazi anayeweza kumsomea. Akifaulu, sifa hupewa miaka yake 4 au 5, ilhali kilichomfaulisha ni uji, kitabu na uchache wa wenzake. Mtoto wa maskini anapewa nini katika mageuzi haya? Anapewa tarakimu. Atakuwa na miaka 6 kama mwenzake, katika chumba ambacho kipimo cha serikali yenyewe, mwalimu 1 kwa watoto 45, husomwa kwenye karatasi tu.

Na apandishwe sasa msomaji kutoka Mazimbu hadi milimani, maana Morogoro haiishi penye lami. Watoto wa Tegetero, wa Kinole, wa Luhungo au wa Nyandira kule Mgeta hawaendi shule kwa basi. Njia ni za miguu, zimekatwa katika miteremko mikali, na wakati wa masika udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni na vijito huvimba kwa saa moja. Mtoto wa miaka 7 huipita njia ile kwa taabu. Wa miaka 6 huipita kwa bahati, na mama mwenye akili humzuia nyumbani siku za mvua. Shule huanza Januari. Masika hufika Machi, wakati ambapo darasa linatoka katika irabu na kuingia katika silabi. Anayekosa wiki tatu za wakati huo hukuta wenzake wamevuka. Huu ndio mwaka ambao unaitwa zawadi kwake.

Juu ya njia kuna chakula. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Huko Kagera, ambako kaya zilifuatiliwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi 2004, watafiti walionyesha kuwa lishe ya mtoto kabla ya shule inahusiana na elimu atakayoifikia ukubwani. Mama wa Kiluguru anayemtazama mwanawe aliye mdogo kwa umbo na kusema, huyu bado, hasemi kwa ujinga. Anasema lile alilolisema mwalimu wa mkono na sikio, lakini kwa huruma zaidi. Tofauti ni kwamba sasa atahesabiwa mkosaji.

Juu ya chakula kuna lugha. Kiswahili kimeenea Uluguru, na ni vizuri. Lakini ziko nyumba za juu ambamo mtoto hulelewa na bibi, kwa kuwa ukoo na ardhi ya Waluguru hufuata upande wa mama na bibi ndiye nguzo, na bibi humwongelesha kwa Kiluguru. Mtoto huyo ana ngano nyingi kichwani, ana msamiati wa mimea na ndege unaoweza kumwaibisha mhadhiri, naye akiingia darasani huandikwa kuwa hajui kitu. Mwaka mmoja wa kusikia Kiswahili kwa michezo, nyimbo na hadithi, bila kalamu, ungemfaa kuliko mwaka mmoja wa kunakili ubaoni asichokielewa. Huo ndio uliopaswa kuwa mwaka wa awali. Katika shule nyingi umegeuka kuwa darasa la kwanza lenye watoto wafupi.

Wako watakaodhani kuwa haya yote ni kuutetea uchelewaji. Sivyo, na hasa sivyo kwa wasichana. Msichana anayeanza akiwa na miaka 10 huvunja ungo akiwa darasa la nne au la tano. Desturi humwita mwali, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Hadi Novemba 2021 aliyepata mimba alifukuzwa shule asirudi. Msichana aliyeanza kwa kuchelewa alikuwa akikimbizana na mwili wake mwenyewe, na mara nyingi mwili ulishinda. Kwa ajili yake miaka 10 ni msiba, na 9 ni hatari. Lakini umbali kati ya 7 na 10 uliletwa na ada, na vyumba, na umaskini. Haukuletwa na sheria kusema 7. Kuishusha sheria hadi 6 hakumsaidii aliyezuiwa na mambo ambayo sheria ya 7 nayo haikuyaondoa.

Tena nchi ina kumbukumbu yake. Uchunguzi wa Uwezo, uliofanywa nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2010, ulionyesha kuwa wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hao walikuwa watoto walioanza na miaka 7 au zaidi. Serikali ikashtuka, na mwaka 2015 ikaondoa rundo la masomo katika madarasa mawili ya kwanza, ikabakiza kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa jambo la busara, na ndiyo mara adimu ambapo wakuu wa elimu walisimama mlangoni pa kuingilia wakachungulia ndani. Kwa nini basi busara ile isiendelezwe, walimu wa darasa la kwanza wakateuliwa miongoni mwa walio bora na kulipwa kwa ubora huo, watoto wakapunguzwa chumbani, uji ukapikwa, na kila kitongoji cha mlimani kikawa na chumba chake cha awali ili mguu mdogo usivuke mto? Hayo yana gharama. Kubadili 7 kuwa 6 hakuna gharama yoyote, na yamkini ndiyo sababu limefanyika kwanza.

Ama hadi siku hiyo, mtoto wa miaka 6 asiye tayari na aachiwe mwaka wake wa saba, bila mzazi kuitwa ofisini na bila mtoto kuitwa mchelewaji. Sera ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2014 ilikuwa na maneno ya kuupima uwezo wa kila mtoto. Ilikosea ilipofungua mlango kwa wa miaka 4, lakini maneno yale yenyewe yalikuwa sahihi, nayo yangefaa kurudishwa kwa upande wa juu wa umri badala ya wa chini.

Na kwa kuwa mabishano haya yamekuwa ya maneno kwa muda mrefu, yapo maarifa ambayo Wizara inaweza kuyapata kwa gharama ndogo. Daftari la uandikishaji lina nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Ijazwe kwa ukweli, walau mwezi, na matokeo ya upimaji wa darasa la nne, ambayo leo hutazamwa kwa shule na kwa jinsi, yatolewe pia kwa mwezi wa kuzaliwa: Mkoa wa Morogoro peke yake, mwaka mmoja tu, shule za lami kando na za milimani kando. Ikiwa waliozaliwa Desemba katika Tegetero wanasoma sawa na waliozaliwa Januari, wanaoupinga umri wa miaka 6 watakuwa wameshindwa, na wakubali. Ikiwa hawasomi sawa, watoto hao watakuwa na majina, na shule zao zitajulikana, na kazi ya kueleza haitakuwa tena ya mama zao.